Udi wa Kwanza: Kuuchagua, Kuushika na Kuupiga

Wanafunzi ninaowaona wakiuacha udi mapema, wengi hawakosi sikio. Wamenunua udi usiopigika. Nyuzi ziko juu mno, vidole vinawaka moto, vigingi vinateleza kila baada ya wimbo, na mwenyewe anaamini kasoro ni yake. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza dukani, kisha unakwenda kwenye kiti, na nyimbo zinakuja mwisho kabisa.

Kwanza ujue unatafuta udi upi

Sokoni kuna aina mbili kuu. Udi wa Kiarabu, ule wa Misri na Sham (Syria na jirani zake), una uzi wenye urefu wa sentimita 61 hivi ukipima kutoka kwenye kizingiti cha mfupa kilichopo kichwani mwa shingo hadi kwenye daraja. Daraja ni kile kijiti kilichogundishwa usoni, nyuzi zinakofungwa. Udi wa Kituruki ni mfupi kidogo, sentimita 58.5 hivi, sauti yake inang'aa zaidi, na kwa kawaida hupatanishwa sauti moja juu ya ule wa Kiarabu. Kama unataka kupiga taarab asilia ya Unguja, Mombasa au Lamu, chukua wa Kiarabu, kwa kuwa taarab yetu iliazima mengi kutoka Misri na uzito wa nyuzi za chini ndio unaoibeba. Mwenye mikono midogo anaweza kuanza na wa Kituruki bila hasara yoyote, mradi anunue nyuzi zilizotengenezwa kwa ajili yake. Nyuzi za aina moja usizifunge kwenye udi wa aina nyingine, maana zitakuwa ama zimelegea na kupigapiga, au zimekaza kiasi cha kuling'oa daraja.

Iko pia aina ya Kiiraki, ambayo daraja lake halikugundishwa na nyuzi zimefungwa mwishoni mwa tumbo. Ina sauti kubwa na ya kupendeza, ila inataka mkono uliokwisha kutulia. Iache kwa sasa.

Ndugu wawili wa udi huwachanganya wanunuzi. Wa kwanza ni gambusi, ambayo wengine huiita kibangala na Wangazija huiita gabusi. Inachongwa kutoka kwenye gogo moja na tumbo lake linawambwa ngozi. Asili yake ni Yemen, na mwambao wote uliijua. Ni nyembamba, nyepesi, na sauti yake ina ukali wa ngozi. Ukiiona inauzwa, inunue kwa mapenzi, lakini usitarajie ikufundishe udi. Wa pili ni luti ya Ulaya, inayofanana na udi kwa mgongo wa mviringo na kichwa kilichopinda nyuma. Udi ulipita Andalusi, yaani Hispania ya enzi za Waislamu, huko ambako mwanamuziki Ziryab alifika Cordoba mwaka 822, na Wazungu wakauendeleza kivyao: walifunga shingoni freti, yaani vikanda vya utumbo vinavyogawa noti, na kuanzia mwishoni mwa karne ya 15 wakaacha unyoya wa kupigia na kupiga kwa ncha za vidole ili wapate sauti kadhaa kwa pamoja. Mpiga luti hutuliza kidole kidogo cha mkono wa kulia juu ya uso wa ala. Kwenye udi hatufanyi hivyo, na ukiona video inakufundisha hivyo, funga uende nyingine.

Dukani: nenda na utepe wa kupimia

Muuzaji atakuonyesha lulu. "Huu mzuri sana, bwana, tazama kazi hii." Kazi ya lulu haina sauti. Udi uliojaa nakshi hadi shingoni na kupakwa vanishi nzito mara nyingi umetengenezwa kutundikwa ukutani kwa mtalii. Mshukuru, kisha utoe utepe wako.

Pima kutoka kizingiti hadi daraja. Halafu pima kutoka kizingiti hadi pale shingo inapokutana na tumbo. Kipimo cha pili kiwe theluthi ya cha kwanza: kwa udi wa sentimita 61, shingo iwe ya sentimita 20 na kitu kidogo. Hesabu hii ina sababu. Ukibonyeza uzi pale shingo inapoishia, unapata sauti ya tano ya uzi huo. Uzi wa Sol utatoa Re ya juu. Hiyo ndiyo alama pekee ambayo mkono wa kushoto unaipata kwa kugusa tu, bila kutazama. Shingo ikiwa fupi au ndefu kuliko inavyopaswa, alama hiyo inakudanganya siku zote.

Sasa tazama urefu wa nyuzi juu ya ubao, hapo hapo shingo inapokutana na tumbo. Milimita 3 au pungufu ni vizuri. Zikipita 4, mrudishie mwenyewe hata kama bei ni ya kutupa, kwa sababu mara nyingi maana yake ni kwamba shingo imevutwa mbele na nyuzi, na kuirudisha ni kazi ya fundi hodari inayoweza kuzidi bei ya udi wenyewe. Hapa ndipo ninapokuwa mkali kuliko kwingine kote. Udi wenye sauti ya wastani na nyuzi za chini utakufundisha. Udi wenye sauti tamu na nyuzi za juu utakushinda.

Inua udi, kichwa kikiwa karibu na jicho lako, na utazame shingo kama fundi seremala anavyotazama ubao. Inyooke. Kisha bonyeza kila jozi ya nyuzi na kuitelezesha polepole kutoka juu hadi chini huku ukiipiga. Pale inapokoroma au kufa, ubao una kilima au shimo.

Daraja lichunguze kwa karatasi. Jaribu kupenyeza ukingo wa karatasi kati yake na uso wa udi, hasa upande wa nyuma. Ikipenya, gundi imeanza kuachia. Uso wenyewe huwa ni ubao mwembamba, milimita 2 hivi, wa sprusi au mwerezi, na mistari yake inafuata nyuzi ikiwa imenyooka. Ukiona umezama kidogo mbele ya daraja usiogope, hiyo ni kawaida kwa udi uliopigwa. Ukiona bonde, hofu yako ni halali. Gonga mgongo kwa kifundo cha kidole, ubavu baada ya ubavu. Penye sauti ya kupasuka pana ubavu ulioachana na mwenzake.

Mwisho vigingi. Zungusha vyote, si kimoja. Kigingi kizuri kinazunguka bila kurukaruka na kinabaki pale ulipokiacha.

Walio mbali na duka huagiza kutoka Cairo, ambako mtaa wa Mohamed Ali umejulikana kwa mafundi na maduka ya udi tangu zamani, au Istanbul, kwenye maduka ya mtaa wa Galip Dede, au humtuma jamaa aliyeko Muscat au Dubai. Si vibaya. Ila jamaa huyo apige simu ya video akiwa dukani, aweke utepe mbele ya kamera, na abonyeze nyuzi huku ukisikiliza. Udi za zamani za Damascus za ukoo wa Nahat zinasifiwa sana na kuigwa sana. Ukiambiwa huu ni Nahat kwa bei ya mwanafunzi, cheka tu.

Nyuzi na kupatanisha

Udi wa kawaida una nyuzi 11: jozi tano na mmoja mnene peke yake. Ukiwa umekaa nao tayari kupiga, ule mnene uko juu, karibu na uso wako, na jozi nyembamba iko chini. Mpangilio unaotumika sana ni huu, kutoka juu kwenda chini: Do, Fa, La, Re, Sol, Do. Programu ya simu ya kupimia sauti itakuonyesha C2, F2, A2, D3, G3, C4. Iko mipangilio mingine, na wapo wazee wanaoweka Sol mahali pa Fa. Fuata ya mwalimu wako ili msikwaruzane mkipiga pamoja.

Kigingi cha udi hakina meno wala skrubu. Kinashikwa na msuguano tu. Kwa hiyo unapokizungusha, kisukume ndani kwa wakati huo huo, huku mkono wa pili ukizuia kichwa upande wa pili. Ikaribie sauti ukitokea chini. Ukiipita, legeza uzi mpaka ushuke chini yake kabisa, kisha upande tena, la sivyo uzi utateleza ukiwa katikati ya wimbo. Kigingi kinachoteleza kipakwe chaki kidogo, na kilichokwama kipakwe sabuni kavu. Nyuzi mpya zinanyooka kwa siku kadhaa, hivyo usigombane nazo.

Unapobadilisha, badilisha uzi mmoja mmoja, ili mvuto usiondoke kwa mkupuo kwenye uso wa udi. Nyuzi za chuma za gitaa usizifunge hata kama ndizo pekee zilizopo mjini. Udi umejengwa mwepesi kwa nyuzi za nailoni na zile zilizoviringishwa uzi mwembamba wa shaba, na chuma kitang'oa daraja.

Kiti, mguu, kiwiko

Kaa kwenye kiti kisicho na mikono, mbele ya kiti, usiegemee. Mguu wa kulia uweke juu ya kibao cha kimo cha kitabu kinene, au upandishe juu ya wa kushoto ukipenda, japo mgongo wako utalalamika baada ya saa moja. Udi unakaa juu ya paja la kulia, tumbo lake likigusa tumbo lako. Mkono wa kulia unapita juu ya ukingo wa chini wa udi, na sehemu ya mbele ya mkono, karibu na kiwiko, inaubana kuelekea kwako. Mgongo wa udi unateleza. Kipande cha mpira mwembamba wenye matundu, ule wa kutandika kwenye droo, au kitambaa cha ngozi laini juu ya paja, kinamaliza matatizo yote hayo.

Uso wa udi uelekee mbele, wima. Kila mwanafunzi anataka kuulaza ili aone vidole vyake. Ukiulaza, kifundo cha mkono wa kushoto kinajikunja vibaya na mkono wa kulia unapoteza uzito wake. Tazama upande wa vigingi kwa kona ya jicho, inatosha.

Jaribio: ondoa mkono wa kushoto kabisa, uuning'inize. Udi ukibaki mahali pake, umeushika. Shingo ikianguka, basi mkono wa kushoto ndio uliokuwa ukiubeba, na mkono unaobeba hauwezi kukimbia.

Risha

Sauti ya udi iko mkono wa kulia. Msikilize marehemu Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu aliyeishi na kupiga Mombasa: noti nyingi anazozipiga unaweza kuzipata kwa vidole baada ya muda si mrefu, lakini ule mpigo wake unaohema, unaoingia na kutoka ndani ya mdundo, huo hauji kwa kusoma.

Risha ndicho kile kijiti cha kupigia nyuzi. Zamani ilikuwa unyoya wa tai kweli, na wengine walitumia pembe. Siku hizi ni plastiki, urefu wa sentimita 10 hadi 12, nyembamba, yenye kupinda. Tai ya plastiki ya kufungia nyaya, ile pana, inatengeneza risha nzuri tu. Ikate, kisha usugue ncha kwa msasa laini mpaka iwe ya mviringo isiyo na kingo, maana ncha yenye ukingo inasikika kwenye kila mpigo.

Ilaze risha ndani ya kiganja, mkia wake ukitokea upande wa kidole kidogo. Vidole vijikunje juu yake kwa ulegevu, na gumba na kidole cha shahada viikamate karibu na ncha, ambayo itokeze sentimita moja hivi. Kifundo cha mkono kipinde kiasi kwamba risha inakutana na nyuzi kama inayotoka chini ya kiganja. Mkao huu utaonekana wa ajabu kwa aliyetoka kwenye gitaa. Uvumilie.

Mpigo wa kwenda chini ni wa kuanguka. Usiusukume. Acha mkono uanguke kwa uzito wake, upite jozi moja, utulie juu ya jozi inayofuata. Nyuzi zote mbili za jozi zisikike sawasawa. Piga kati ya daraja na tundu kubwa la sauti, juu ya kile kibao chembamba cha kukinga uso. Ukisogea kuelekea tundu sauti inalainika, na ukisogea kuelekea daraja inakauka.

Siku za mwanzo piga nyuzi tupu, mpigo wa chini peke yake, polepole, programu ya mapigo ikiwa kwenye 60 kwa dakika. Mpigo wa juu uje baadaye, na ulingane na wa chini kwa nguvu. Mitikisiko ya kasi isiyokatika, ile inayowapendeza watu harusini, ni chini na juu hizo hizo zilizoharakishwa. Anayeirukia kabla ya wakati wake hujizoesha kukaza bega, na bega lililokaza halifunguki kirahisi.

Vidole bila freti

Shingo ya udi ni tupu. Wengine hubandika vipande vya karatasi kuonyesha mahali pa noti. Sipendi, kwa sababu jicho likishapewa kazi sikio linalala. Lakini mwanzoni ni vizuri kujua ujirani, kwa hiyo chukua tena utepe, na kwa udi wa sentimita 61 utafute nafasi hizi kutoka kwenye kizingiti: nusu sauti ni 3.4, robo tatu ya sauti 5.1, sauti nzima 6.7, sauti moja na nusu 9.7, na sauti ya nne 15.3. Udi wako ukiwa na urefu mwingine, gawanya kila tarakimu kwa 61 na uzidishe kwa urefu wako.

Nafasi ya 15.3 ndiyo mwalimu wako wa nyumbani. Bonyeza hapo jozi ya La, itoe sauti ile ile ya Re tupu. Bonyeza Re, upate Sol. Bonyeza Sol, upate Do. Kati ya Fa na La tu ndipo kanuni inapovunjika: hapo bonyeza kwenye 12.6.

Gumba la kushoto likae nyuma ya shingo bila kubana, na vidole vishuke kwa ncha, kucha zikiwa fupi kabisa. Kidole kikishabonyeza kikae hapo mpaka kitakapohitajika kwingine.

Maqam, yaani mpangilio wa noti unaojenga wimbo, ya kwanza iwe Rast, kutoka Do. Kwenye jozi ya La, kidole cha pete kwenye 9.7: hiyo ni Do. Kisha Re tupu. Kwenye Re, kidole cha shahada kwenye 5.1: hii ni Mi isiyo ya piano, iliyo katikati ya Mi bemoli, yaani iliyoshushwa nusu sauti, na Mi ya kawaida. Kidole cha pete kwenye 9.7, Fa. Sol tupu. Kwenye Sol, shahada kwenye 6.7 ni La, na cha pete kwenye 11.2 ni Si, nayo ya katikati vile vile. Halafu Do tupu, nawe umefika juu.

Ile Mi kaa nayo. Ipige, iimbe, uipige tena. Sikio lililolelewa na kinanda litaivuta juu, na lililozoea huzuni litaivuta chini, nayo ikishuka hadi 3.4 maqam inakuwa Nahawand kabla hujatambua. Waturuki huiweka juu kidogo kuliko Waarabu, kwa hiyo usisikilize rekodi za pande zote mbili kwa siku moja ukatafuta jibu. Chagua upande. Kwa taarab, sikiliza wapiga udi na wapiga fidla wa Zanzibar na Cairo, kwa kuwa fidla nayo haina freti na hapo utasikia Mi inavyowekwa.

Rast ikikaa, nenda Bayati kutoka Re, kisha Hijaz kutoka Re hiyo hiyo. Baada ya hapo omba nafasi ya kukaa nyuma kwenye mazoezi ya klabu ya taarab. Ikhwani Safaa ya Unguja ipo tangu 1905, na Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi kimefundisha udi hapo Zanzibar tangu kilipofungua milango 2002. Mwalimu wa kuonana naye uso kwa uso atakiona kifundo chako cha mkono, kitu ambacho simu haikioni.

Unyevu, jua na gundi

Mwambao una unyevu mwingi, na vigingi huvimba vikakwama wakati wa masika. Weka vifuko vya kufyonza unyevu ndani ya kasha. Anayeishi Ulaya au Kanada ana shida ya upande wa pili: hita za baridi zinakausha ubao mpaka uso unapasuka, na yeye anahitaji sponji lenye maji kidogo ndani ya kasha, ndani ya kisanduku cha sabuni chenye matundu. Unyevu wa asilimia 45 hadi 55 unaufaa udi popote ulipo.

Usiuache kwenye gari lililoegeshwa juani, hata kwa muda wa sala. Udi nyingi zimeunganishwa kwa gundi ya ngozi za wanyama, na joto huilegeza. Ukikuta daraja limeinuka, legeza nyuzi zote hapo hapo, taratibu, jozi zote kidogo kidogo kwa zamu, kisha umpelekee fundi. Gundi ya papo kwa papo ya dukani usiipake. Haitashika, na fundi atalazimika kuikwangua pamoja na ubao wako kabla hajaanza kazi.